Kuchagua Mbao za Bei Nafuu kwa Meza ya Ukutani Itakayopakwa Rangi

Karibuni, watazamaji wetu. Leo tunachagua mbao za meza ya kusomea inayojengewa ukutani, ambayo mwishowe itapakwa rangi. Kwa kuwa rangi itafunika kila kitu, hakuna sababu ya kununua mninga wala mkongo. Uzuri wa mbao hizo umo katika nyuzi na rangi yake ya asili, nanyi mtakuwa mmelipia kitu ambacho hakuna atakayekiona. Fedha hiyo ielekezeni kwenye mbao zilizonyooka na kukauka vizuri.

Kwanza, pimeni nafasi yenu kabla ya kwenda dukani. Kina cha sentimita 60 na kimo cha sentimita 75 vinamtosha mtu mzima. Shiti, yaani ubao mpana wa kiwandani, ya futi 8 kwa 4 ina upana wa sentimita 122, kwa hiyo ikipasuliwa katikati kwa urefu hutoa vipande viwili vya sentimita 60 na ushei: kimoja ni uso wa meza, na kingine mtakikata rafu na mbavu za kuubeba.

Pili, chagueni shiti yenyewe, na iwe ya milimita 18. Kwa uso wa meza, mimi napendekeza blokibodi, kwa sababu vipande vya mbao vilivyopangwa ndani yake huhimili uzito vizuri na bei yake kwa kawaida ni ya chini kuliko plaiwudi nzuri. Itazameni ukingoni kabla ya kulipa: mkiona mianya kati ya vipande vya ndani, au mkigonga kwa kidole na kusikia mlio wa uwazi, ombeni nyingine. MDF, yaani ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi, ina uso laini na hupokea rangi vizuri kuliko zote, hivyo inafaa sana kwa milango ya makabati, lakini ikilowa maji huvimba na hairudi ilivyokuwa; msiiweke penye ukuta wenye unyevu, na anayeikata avae barakoa kwa sababu vumbi lake ni jembamba na lina madhara. Chipubodi, yaani ubao wa chembe za mbao zilizogandishwa kwa gundi, iacheni, hata kama muuzaji atapunguza bei, kwani skrubu ikishalegea ndani yake haishiki tena.

Tatu ni fremu, na hapa paina inatosha kabisa. Kwa Tanzania, nyingi hutoka Mufindi, kwenye mashamba ya Sao Hill. Chukueni za inchi mbili kwa mbili, kisha inueni kila ubao hadi usawa wa jicho na kuutazama kutoka ncha moja hadi nyingine. Uliojisokota hautanyooshwa na skrubu wala gundi. Ulinganisheni pia na mwenzake wa kipimo kilekile: ulio mzito kupita kiasi bado ni mbichi, nao utapinda ukiwa tayari umefungwa ukutani. Vifundo vidogo si tatizo, mradi havitikisiki. Hata hivyo, vifundo vya paina hutoa utomvu unaopenya rangi nyeupe na kuacha madoa ya manjano, kwa hiyo vipakeni shelaki, yaani vanishi ya kuziba utomvu, kabla ya praima, ile rangi ya kwanza ya msingi.

Kwa maeneo yenye mchwa, nunueni paina iliyotiwa dawa, hasa kwa vipande vitakavyogusa sakafu na ukuta.

Mkifika nyumbani, lazeni mbao kwa siku kadhaa katika chumba chenyewe, juu ya vipande vya mbao ili hewa ipite chini yake, ndipo mkate. Fremu ifungwe ukutani kwa skrubu na fisha, yaani vijiti vya plastiki vinavyoingizwa kwenye tundu la ukuta ili vishike skrubu, na kila sentimita 80 hivi pawe na ubavu, kwani uso mrefu ulioshikwa ncha mbili tu utabonyea katikati. Ukingo wa mbele wa blokibodi ufunikwe kwa ukanda wa paina uliobandikwa kwa gundi na kusuguliwa kwa msasa. Rangi ipakeni pande zote mbili, pamoja na upande wa chini usioonekana, kwa sababu upande ulioachwa wazi hunyonya unyevu na kuukunja ubao.