Rangi Ndiyo Kazi ya Mwisho: Kufufua Trekta Kuukuu la Bustani Nyumbani

Asanteni kwa kufika, na shikamooni wakubwa wote mliomo humu. Tangazo lilisema tutazungumzia kupaka rangi trekta kuukuu la bustani. Ni kweli, lakini rangi yenyewe nitaifikia baadaye sana. Nawaomba mvumilie, maana mpangilio huo ndio kazi yenyewe. Anayefungua kopo la rangi siku ya kwanza anapaka juu ya oili inayovuja, juu ya bolti iliyolegea na juu ya kutu iliyo hai. Msimu mmoja ukipita, itamlazimu kufungua kila kitu upya, na safari hii atakuwa anakwangua rangi yake mwenyewe.

Nitashika mfano mmoja ili maneno yasielee hewani: Cub Cadet ya International Harvester, kampuni ya Kimarekani iliyokuwa ikitengeneza matrekta ya Farmall. Cub Cadet iliingia sokoni mwaka 1961 kutoka kiwanda cha Louisville, Kentucky, ikiwa na injini ya Kohler ya nguvu ya farasi 7, na ilivutwa kwa mkanda. Mwaka 1963 zikaja modeli 70 na 100. Mkanda ukaondolewa, nguvu ikapita kwenye shafti ya chuma moja kwa moja hadi giaboksi ya nyuma. Modeli 100, na 102 iliyoifuata, zina Kohler K241: silinda moja ya chuma cha kusubu, farasi 10, inapozwa kwa hewa. Rangi zake ni manjano na nyeupe. Ni trekta linalofaa sana kwa anayejifunza, kwa sababu bodi yake ni nene kuliko ya matrekta mengi ya bustani ya leo, na vipuri vyake bado vinapatikana.

Kabla ya kufungua hata nati moja, liwashe. Trekta linaloweza kuwaka likiwaka litakueleza ugonjwa wake, ila likishafunguliwa vipande halisemi tena. Moshi wa buluu ni oili inayoungua, kwa hiyo angalia ringi za pistoni na njia za valvu. Moshi mweusi ni petroli nyingi kuliko hewa. Kupima mgandamizo kwa geji kunaweza kukudanganya, kwa kuwa nyingi za injini hizi zina kifaa kinachopunguza mgandamizo wakati wa kuwasha. Njia ya uhakika ni kuchomoa waya wa plagi, kisha kuzungusha flaiwili (gurudumu zito la injini) kwa mkono kinyumenyume. Injini nzima itaurudisha mkono wako kwa nguvu. Ikizunguka kwa ulegevu, hedi, yaani kifuniko cha juu cha silinda, inafunguliwa.

Mkiwa hapo hapo, inueni pua ya trekta kwa jeki na mwitikise ekseli ya mbele. Pini inayoibeba katikati huliwa, na tundu lake pia. Kisha tikiseni shafti ya klachi. Pini zake ndogo za kubana, zile zilizokunjwa kwa bati la springi, hulegea na matundu yake hugeuka mviringo wa yai. Hapo ndipo inapotoka ile kelele ya kugongagonga unapokanyaga klachi. Wengi huchomeka bolti ya kawaida mahali pa pini. Haishiki, maana bolti hucheza ndani ya tundu na tundu huzidi kupanuka. Tundu likishatanuka, shafti ibadilishwe.

Halafu oili ya nyuma. Giaboksi ya modeli hizi huchukua takriban lita 3.3, na oili yake ni Hy-Tran, ya International Harvester yenyewe. Ikitoka na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, mara nyingi kwa mpira wa gia uliochanika au kwa trekta kulala nje miaka mingi. Mwaga, suuza, na badilisha sasa sili, yaani mipira inayozuia oili kuvuja. Sili inayovuja ukiiacha, oili itapita chini ya rangi mpya na kuibandua.

Sasa fungua. Piga picha kila hatua, hasa nyaya na vyuma vya usukani, na tia bolti za kila sehemu kwenye mfuko wake wenye jina. Jambo moja kuhusu spana: trekta hili ni la inchi. Spana ya 13 huingia kwenye kichwa cha nusu inchi, ambacho ni milimita 12.7, na kwa ile nafasi ndogo inayobaki ndipo vichwa vya bolti kuukuu hulika pembe. Tafuta seti ya inchi. Bolti iliyoshikwa na kutu ipe mafuta ya kupenya usiku kucha, ikikataa ipashe moto, tangi la petroli likiwa limeshaondolewa na kupelekwa mbali. Na vumbi la klachi na la breki usilipulize kwa kompresa. Vifaa vya miaka ile vingi vilikuwa na asbesto, kwa hiyo lowesha, futa kwa kitambaa, tupa kitambaa.

Kwenye injini, vua mabati yote yanayoongoza upepo. Mara nyingi utakuta nyasi kavu, oili iliyoganda na kiota cha panya katikati ya mapezi ya silinda, na hiyo ndiyo sababu ya injini nyingi za aina hii kuchemka hadi kuua gasketi ya hedi. Hedi ikivuliwa, kwangua masizi, ilaze kwenye kioo na pima kwa fila geji (vibati vyembamba vya kupimia nafasi) kama imepinda. Kurudisha, kaza bolti kidogo kidogo kwa mzunguko hadi futi-pauni 25 mpaka 30, yaani kama nyutoni-mita 34 hadi 41. Nafasi za valvu injini ikiwa baridi: ya kuingiza milimita 0.20 hadi 0.25, ya kutoa moshi milimita 0.43 hadi 0.48. Ya moshi ikibanwa chini ya hapo, haikai vizuri kwenye kiti chake ikishapata moto, na huungua. Nafasi ya platini, vile vidude viwili vinavyoachana ili plagi itoe cheche, ni milimita 0.5, na ya plagi milimita 0.64. Kwenye flaiwili kuna herufi S. Platini zinapaswa kuanza kuachana alama hiyo inapofika kwenye kidirisha, yaani nyuzi 20 kabla pistoni haijafika juu. Oili ya injini ni SAE 30, chini kidogo ya lita 2.

Sasa usafi, na hapa ndipo rangi nyingi hufa. Osha grisi kwanza, ndipo upige msasa. Ukianza na msasa, unaisukuma grisi ndani ya mikwaruzo na huitoi tena. Osha kwa dawa ya kuondoa grisi na maji ya moto, suuza, rudia. Dalili kwamba chuma ni safi ni maji kutandaa juu yake kama kioo. Yakijikusanya matone, grisi bado ipo.

Rangi ya zamani ya miaka ya 1960 ichukulieni kuwa ina risasi mpaka mpime. Msitumie mashine ya msasa mkavu ndani ya gereji ambamo watoto hupita. Tumieni dawa ya kubabua rangi, au msasa wa maji. Dawa za zamani zenye kemikali ya dikloromethani zilipigwa marufuku kuuziwa watu wa kawaida Marekani mwaka 2019, na zilizochukua nafasi yake hufanya kazi polepole. Zipakwe nene, zifunikwe kwa nailoni zisikauke, ziachwe saa kadhaa.

Kwa kutu, vyuma vidogo na vyenye kona nyingi vinafaa kuogeshwa kwa umeme. Chukua pipa la plastiki, maji, na magadi ya kufulia, kijiko kikubwa kimoja kwa kila lita 4. Chaja ya betri ya volti 12: waya hasi kwenye kipuri, waya chanya kwenye kipande cha chuma cha kutupa, na vyuma hivyo viwili visigusane. Kutu hugeuka tope jeusi linalofutika. Angalieni mambo manne. Chuma cha chanya kisiwe stenlesi, kwa sababu maji yatapata kromiamu yenye sumu. Alumini isiingie kabisa, magadi huila, kwa hiyo kabureta ibaki nje. Gesi inayotoka ni haidrojeni, fanyeni nje na zimeni chaja kabla ya kugusa nyaya. Na chaja nyingi za kisasa hazitoi umeme zisipohisi betri, hivyo tafuteni ya kizamani.

Kuhusu kupuliza mchanga, nimeletewa swali hapa kwenye karatasi. Jibu langu: fremu na rimu, ndiyo. Boneti na madigadi, hapana, maana bati pana hupata moto na kupinda, na haliwi sawa tena. Injini iliyofungwa, kamwe. Chembe moja ya mchanga ikipita kwenye sili itasaga beringi.

Chuma kikishakuwa kitupu, usikiache kilale. Kutu jipya huanza siku hiyo hiyo kwenye hewa yenye unyevu. Futa kwa dawa ya mwisho ya kuondoa mafuta, kisha praima (rangi ya msingi) ya epoksi ya makopo mawili ya kuchanganywa, moja kwa moja juu ya chuma. Puti ya kusawazisha mabonde ije juu ya epoksi, na isizidi milimita 3. Bonde la kina zaidi linyooshwe kwanza kwa nyundo. Juu yake praima nene ya kujaza, ipigwe msasa namba 320, halafu 400 kwa maji. Nyunyiza vumbi la rangi nyeusi juu ya praima kabla ya msasa. Msasa ukipita, weusi utakaobaki unakuonyesha kila bonde ambalo macho yako hayaoni.

Rangi ya juu: enameli ya mashine, kama lita 2 za manjano na nusu lita ya nyeupe zinatosha trekta bila mashine ya kukatia nyasi, na kidogo hubaki cha marekebisho. Uamuzi mgumu ni hadina, dawa inayochanganywa na rangi ili iwe ngumu. Ukiitia, rangi hukauka ngumu, hung'aa na hustahimili petroli. Usipoitia, tone la petroli linaweza kuilainisha kwa wiki nyingi. Lakini hadina hizi zina aisosaianeti, ambayo huharibu mapafu, na barakoa ya kawaida haitoshi ukiwa unapuliza. Panahitajika barakoa inayoletewa hewa safi kwa bomba. Kama huna, usipulize rangi yenye hadina. Paka kwa brashi nzuri na roli ya sponji enameli isiyo na hadina, ipe mwezi mzima kukomaa, na uso wake ukipigwa msasa wa maji kati ya mkono mmoja wa rangi na mwingine utapendeza. Afya haina kipuri.

Wenye vifaa sahihi: ncha ya bunduki milimita 1.3 au 1.4, mtego wa maji kwenye kompresa, umbali wa sentimita 15 hadi 20, na kila mpito ufunike nusu ya uliotangulia. Mkono wa kwanza uwe mwepesi, kama ukungu. Rangi ikikusanya vishimo vidogo vyenye ukingo, hiyo ni silikoni. Imetoka kwenye polishi ya tairi au mafuta ya kupuliza yaliyotumiwa karibu. Acha, subiri ikauke, safisha upya. Uso ukiwa kama ganda la chungwa, rangi ilikuwa nzito au ulikuwa mbali. Ukikunjamana kama ngozi ya maziwa yaliyochemka, ulirudia mkono wakati wa chini umekauka nusu. Muda wa kurudia umeandikwa kwenye kopo, na ni ama kabla ya saa fulani ama baada ya siku kadhaa. Katikati hapo pana hatari.

Na kuna mahali pasipopakwa. Mapezi ya silinda, rangi nene huyafanya yashindwe kutoa joto, kwa hiyo yapewe mkono mmoja mwembamba wa rangi ya joto kali au yaachwe. Nipo, zile chuchu za kutilia grisi, zifunikwe. Matundu yenye nyuzi za bolti yazibwe kwa bolti kuukuu. Sehemu ambapo bolti za rimu hukaa ziachwe na praima nyembamba tu, kwani rangi nene hapo husagika, bolti hulegea na rimu hutanuka matundu.

Linalowasumbua watu wengi zaidi huja baada ya kufunga. Trekta linang'aa, ukiwasha stata haigeuki, au betri haichajiwi. Umeme wa trekta hili hurudi kwa fremu, na fremu sasa imevikwa rangi isiyopitisha umeme. Kwangua mpaka chuma kionekane mahali pa waya wa athi, chini ya katauti (kisanduku kinachodhibiti umeme wa kuchaji betri), na pale stata-dainamo, mashine moja inayowasha injini na kuchaji betri, inapofungwa kwenye injini. Paka grisi kidogo, kaza. Na kwa kuwa stata-dainamo ilikaa bila kazi, kabla ya kuwasha mara ya kwanza gusisha kwa waya mfupi ncha ya BAT na ncha ya GEN kwenye katauti, kwa kufumba na kufumbua tu. Cheche ndogo itaruka, na dainamo itarudi kujua upande upi ni chanya.

Stika ngojeni wiki 2 au zaidi, kwa sababu rangi mbichi hutoa hewa na stika hutunga mapovu. Pulizieni maji yenye matone ya sabuni ya vyombo, iteleze ikae mahali pake, sukumeni maji kutoka katikati kwenda pembeni. Rekebisheni mchezo wa pedali ya klachi, kisha lifanyeni kazi nyepesi saa moja, mrudi na toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza) kwenye bolti za rimu, na mkaze zile zinazoshika injini kwenye fremu. Injini ya silinda moja huzitikisa, na hizo ndizo huwa za kwanza kulegea.