Kifafa: Tunamhitaji Aliyeona

Walimu, shikamooni mnaostahili shikamoo, na wengine habari za asubuhi. Nimepewa muda mfupi kabla ya chai, basi niingie moja kwa moja kwenye swali ninaloulizwa kila mahali: kifafa kinapimwaje? Watu hutegemea niseme damu, au mashine. Kipimo cha kwanza ni maelezo ya mtu aliyekuwepo mwenzake alipoanguka.

Mgonjwa mwenyewe hakumbuki. Anazinduka ulimi umechanika, nguo zimelowa mkojo, watu wamemzunguka. Kwa hiyo tunakuuliza wewe. Kilianzia mkono mmoja au mwili mzima? Macho yaligeukia wapi? Dakika ngapi? Alipozinduka, alilala au alikuwa amechanganyikiwa? Mwenye simu arekodi. Video fupi hunisaidia kuliko barua ndefu ya rufaa. Ila muilete kliniki, si kwenye magrupu.

Kuna aina isiyoangusha mtu, na hiyo ni yenu zaidi kuliko yangu. Mtoto anaduwaa sekunde chache, kalamu mkononi, kope zinachezacheza, kisha anaendelea kuandika. Hutokea mara nyingi kwa siku. Wengi wamechapwa viboko kwa kutosikiliza.

Kuanguka mara moja hakutoshi kuitwa kifafa. Homa huleta degedege kwa watoto wadogo. Malaria kali na sukari kushuka pia huangusha. Kwa kawaida tunasema kifafa mtu akianguka walau mara mbili bila sababu ya papo hapo, kwa kupishana zaidi ya saa 24. Kipimo cha umeme wa ubongo, alichokianzisha Mjerumani Hans Berger miaka ya 1920, hutuonyesha aina ya kifafa. Lakini majibu yakitoka safi, ugonjwa unaweza kuwapo bado, kwa sababu kinarekodi kipande kidogo tu cha siku.

Sababu ni nyingi: ajali ya kichwa, mtoto kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, malaria ya kichwa. Tegu wa nguruwe naye yumo, na hata asiyekula kitimoto anaweza kumpata ubongoni, kwani mayai yake husambazwa na kinyesi cha binadamu. Hapa mkoani kwetu, Mahenge, Daktari Louise Jilek-Aall kutoka Norway alianzisha kliniki ya kifafa mwaka 1960, na watafiti wamekihusisha kifafa cha kule na usubi, ugonjwa wa minyoo unaoenezwa na inzi wadogo wa mitoni. Sikutaja majini wala kurogwa.

Dawa zipo. Fenobabitoni inatumika tangu 1912 na ni rahisi kwa bei, ingawa humsinziza mtoto darasani. Kabamazepini ipo pia. Valproeti tunaikwepa kwa wasichana na wanawake wanaoweza kushika mimba, maana hudhuru mtoto tumboni. Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 70 ya wagonjwa wanaweza kuishi bila kuanguka wakitibiwa vizuri. Kinachotuangusha ni kukatiza: vidonge vimeisha zahanati, au mtu ameambiwa kwenye maombi kwamba amepona. Ombeni, lakini ameze. Kuacha ghafla kunaweza kuleta degedege lisilokoma.

Akianguka darasani, sogezeni madawati, wekeni sweta chini ya kichwa, msimshikilie, msitie kijiko mdomoni. Mikono ikitulia, mlazeni ubavu. Lile povu ni mate, haliambukizi. Mmoja aangalie saa: zikipita dakika tano, tafuteni gari.

Naona mkono kule nyuma. Karibu, mwalimu.