Joto la Kisima Litamfaa Nani?

Mabibi na mabwana, jotoardhi ikitajwa Kenya, akili zinakimbilia umeme wa Olkaria. Leo nabaki kwenye joto lenyewe. Shamba la maua la Oserian, Naivasha, walipasha vitalu vya waridi kwa kisima walichokodi kutoka KenGen, kampuni ya kuzalisha umeme. Kule Menengai, Nakuru, GDC, kampuni ya serikali ya kuendeleza jotoardhi, waliweka miradi ya mfano ya kutumia joto hilo: maziwa, samaki, kitalu na dobi.

Wapimaji wengi wa miradi ya namna hii huanzia kisimani. Mimi nasema anzeni kwa mtumiaji: nani, saa ngapi kwa siku, miezi mingapi kwa mwaka.

Chukueni mahindi. Tani moja yenye unyevu wa asilimia 20, ukitaka ifike 13, lazima uitoe maji kilo 80. Tukikadiria kikaushio kinakula kilojuli 5,000 kwa kila kilo ya maji, tani hiyo inataka kilowati-saa 110 hivi. Sasa njooni kisimani: maji kilo 10 kwa sekunde yakipoa kutoka nyuzijoto 90 hadi 50 ni 10 × 4.2 × 40, yaani kilowati 1,680. Hiyo ni tani 15 kwa saa! Nani ana mahindi hayo mwaka mzima? Mavuno yakiisha, bomba na pampu bado vinadaiwa. Ndiyo maana mnamtafuta mwenye maziwa, ambaye kila siku anapasha maziwa yake hadi nyuzi 72 kwa sekunde 15 ili kuua vijidudu, na chini yake, kwa joto lililobaki, bwawa la perege la nyuzi 28.

Halafu kuna silika, madini yaliyomo pia kwenye mchanga, na hapa ndipo hesabu nzuri huharibika. Maji ya kisima yakipoa, silika iliyoyeyuka hujitenga, ikashika kama ukoko wa sufuria kwenye mabamba ya kibadilisha joto, kifaa kinachopitisha joto la maji ya kisima kwenda kwa maji safi bila kuyachanganya. Mtaona tofauti ya presha kati ya maji yanapoingia na yanapotoka ikipanda wiki hata wiki, huku maji safi ya upande wa pili yakitoka vuguvugu. Kwa hiyo pimeni silika kabla ya kuandika ile nyuzi 50 ya maji yaliyopoa. Maabara ikisema msishuke chini ya 70, joto lenu limekatika nusu: kilowati 840.

Maji ya kisima yenyewe yasiingie bwawani kamwe. Floraidi na boroni humo si za mchezo. Yapite upande wake wa mabamba, kisha yarudishwe ardhini. Na mabamba yawe ya chuma cha pua au titani, maana gesi ya kisimani yenye harufu ya mayai viza, hidrojeni salfaidi, hula shaba, hata nyaya za kwenye sanduku la swichi.