Rimu mpya kwenye Forester: soma ET kwanza, speisa baadaye

Habari zenu ndugu zangu, karibuni tena. Leo tupo uani. Nimeegesha Subaru Forester ya 2005 hapa kwenye saruji, na pembeni yangu kuna rimu nne za inchi 17 nilizonunua Gerezani, Kariakoo. Kabla sijashika jeki nataka uione namba moja iliyo nyuma ya rimu, inaitwa ET, kwa sababu ndiyo iliyonigharimu safari iliyopita.

Safari iliyopita nilinunua kwa macho, bila kupiga hesabu. Rimu zilikuwa nzuri kweli, lakini zilipofungwa zikawa zinagusa shokapu. Fundi akaniambia, "Hizo tunatia speisa tu, kaka, zinakaa." Speisa ni kisahani kinachowekwa kati ya rimu na habu, yaani kitovu ambacho gurudumu hufungwa. Akatia za milimita 10 kwenye stadi (boliti za habu zinazoshika nati) zilezile za kiwandani. Nilipopita Kibaha nikaanza kusikia kiti kinatetemeka. Nikasimama Mlandizi, nikainamia gurudumu la nyuma kushoto: nati tatu zilikuwa zinazunguka kwa vidole. Mke wangu na watoto walikuwa ndani ya gari. Kwa hiyo ukiniona leo nahangaika na milimita, ujue sababu.

Haya, tuanze. Geuza rimu, uso wake utazame chini, juu ya kitambaa ili isikwaruzike. Sogea karibu uone. Hapa pameandikwa 17x7.5J, halafu ET40. Kipenyo ni inchi 17, upana inchi 7 na nusu, na J ni umbo la ukingo unaoshika tairi, hiyo haitusumbui leo. ET ni kifupi cha neno la Kijerumani, nacho kinataja ofseti: umbali kutoka katikati ya upana wa rimu hadi uso unaokaa kwenye habu. ET40 maana yake uso huo umesogea milimita 40 kuelekea nje, upande wa barabarani. Namba ikipungua, gurudumu linatoka nje. Namba ikiongezeka, gurudumu linazama ndani kuelekea shokapu. Shika hapo, maana wengi wanaigeuza kichwa chini.

Kama maandishi yamefutika au rimu imepakwa rangi juu, pima mwenyewe. Laza rula ndefu iliyonyooka juu ya kingo za nyuma, kisha shusha rula ya chuma katikati hadi kwenye uso wa kufungia. Mimi napata milimita 148. Sasa napima upana wote wa rimu, ukingo hadi ukingo: 216. Usishangae kuwa ni zaidi ya inchi 7 na nusu, maana ule upana ulioandikwa unapimwa ndani, pale tairi linapokaa. Nusu ya 216 ni 108. Toa 108 kwenye 148, unabaki na 40. Maandishi yanasema kweli.

Sasa tuilinganishe na ya kiwandani. Gari hili lilikuja na 16x6.5 ET48. Chukua daftari, tuandike pamoja.

Rimu ya zamani: inchi 6.5 mara 25.4 ni milimita 165, nusu yake 82.5. Upande wa nje, 82.5 toa 48, ni 34.5. Upande wa ndani, 82.5 jumlisha 48, ni 130.5. Rimu mpya: inchi 7.5 ni milimita 190.5, nusu yake kama 95. Nje, 95 toa 40, ni 55. Ndani, 95 jumlisha 40, ni 135. Kwa hiyo ukingo wa nje unatoka karibu milimita 20 zaidi, na ukingo wa ndani unasogelea shokapu kwa karibu milimita 5. Unaona? Rimu pana hula pande zote mbili, hata kama ET imepungua. Ningechukua upana huohuo kwa ET48 ileile, ningeingia ndani karibu milimita 13. Ndivyo nilivyokosea mara ya kwanza: niliona "48 sawa na 48" nikafurahi.

Hesabu hiyo ni ya rimu. Tairi nalo lina tumbo lake, kwa hiyo twende kwenye gari lenyewe. Gurudumu la zamani likiwa bado limefungwa, ingiza kidole, halafu vipande vya kadibodi, kati ya tairi na shokapu ya mbele mpaka vibane. Pima unene wa vipande. Fanya hivyo pale tairi lilipo pana zaidi, na pale ukingo wa rimu ulipo. Mimi sikubali kubakiwa na chini ya milimita 5 baada ya kutoa hesabu yangu, kwa sababu barabara zetu zina mashimo na bushi za suspenshen huchoka. Upande wa nje, ning'iniza uzi wenye nati kutoka kwenye ukingo wa fenda, upime hadi kwenye tairi. Nyuma pima kwa uangalifu zaidi. Baadhi ya Forester za umri huu zina shokapu za nyuma zinazojinyanyua zenyewe, na zikichoka gari linalala nyuma. Pima ukiwa na watu watatu kwenye kiti cha nyuma, usipime gari tupu.

Kuna mambo matatu ET haikwambii, na ukiyaruka hesabu yote ni bure.

La kwanza ni mpangilio wa matundu. Forester hii ni 5x100, yaani stadi tano kwenye duara la milimita 100. Toyota nyingi kubwa, Mark X kwa mfano, ni 5x114.3, na kwa jicho zinafanana. Kwa stadi tano, pima kutoka katikati ya stadi moja hadi katikati ya jirani yake. Ukipata milimita 58.8, hiyo ni 100. Ukipata 67.2, hiyo ni 114.3. Hakuna "inaingia kwa kulazimisha" hapa.

La pili ni tundu la kati. Mdomo wa habu ya Subaru hii, ule unaotokeza katikati, una kipenyo cha milimita 56.1. Rimu hizi zina tundu la 73.1, kwa sababu mtengenezaji anataka zikae kwenye magari mengi. Pengo hilo linazibwa na pete, hii hapa, nje 73.1, ndani 56.1. Bila pete rimu inategemea nati tu kuiweka katikati, na ikikaa pembeni hata kidogo, ukifika kilomita 80 kwa saa usukani unatetemeka na utamlaumu mtu wa balansi bure.

La tatu ni nati, na hapa naomba unisikilize. Subaru inatumia uzi wa M12x1.25, yaani stadi ya unene wa milimita 12, na kila mzunguko nati inasogea milimita 1.25. Toyota ni M12x1.5. Nati za Toyota zimejaa kila duka, na fundi mwenye haraka atazianzisha kwa spana ya upepo zikaingia kwa nguvu huku zinakula uzi wa stadi. Nati sahihi inaingia kwa vidole, taratibu, mpaka mwisho. Ikigoma kwenye mzunguko wa pili, itoe. Tazama pia makalio ya nati, yaani sehemu inayokaa kwenye kiti chake kwenye tundu la rimu. Rimu hizi zina viti vya koni ya digrii 60, nati zangu nazo ni za koni. Rimu nyingi za kiwandani za Toyota hutumia nati yenye shingo ndefu na washa bapa, na Honda hutumia ya mviringo. Usihamishe nati za rimu moja kwenda nyingine kabla hujalinganisha viti.

Sasa speisa. Kwa hesabu yetu hapa sihitaji. Lakini tuseme kadibodi zako zimekwambia mbele unabakiwa na milimita 2. Speisa ya 5 inashusha ET40 kuwa ET35, gurudumu linatoka 5, unabakiwa na 7. Hiyo ni kazi halali ya speisa: kurekebisha milimita chache. Ivae kwenye habu, halafu angalia vitu viwili. Mdomo wa habu umebaki unatokeza kiasi gani nje ya speisa? Ukiisha wote, hakuna kinachoishika rimu katikati, kwa hiyo tafuta speisa yenye mdomo wake. Halafu stadi. Funga rimu, ingiza nati kwa mkono, hesabu mizunguko mpaka ifike. Stadi ya milimita 12 inataka nati iushike uzi angalau milimita 12. Kwa uzi wa 1.25 hiyo ni kama mizunguko 10, kwa uzi wa Toyota ni 8. Zile zangu za Mlandizi zilikuwa zinashika mizunguko minne tu. Ukipungukiwa, badilisha stadi uweke ndefu, au achana na speisa hiyo.

Speisa nene, kuanzia milimita 15 kwenda juu, ziwe zile zenye stadi zake: unaifunga kwenye habu kwa nati zake, kisha rimu unaifunga kwenye speisa. Chunguza kama stadi za habu hazichomozi zaidi ya uso wa speisa, maana zikichomoza zitasukuma mgongo wa rimu isikae sawasawa. Usipange speisa mbili juu ya nyingine. Na washa kama speisa, nimeziona kwa macho yangu, tafadhali hapana. Kuhusu kutoa magurudumu nje milimita 25 kila upande ili gari lionekane limetanuka, mimi sishauri. Uzito unahama nje ya beringi, usukani unavutwa kila ukikanyaga shimo, na masika milango yote inajaa tope.

Tairi: la zamani ni 215/60R16, kimo chake kama milimita 664. Nimechagua 215/55R17, kama milimita 668, kwa hiyo spidomita haitapotoka. Yote manne yawe saizi moja na yamechakaa sawa, kwa sababu gari hili linasukuma magurudumu manne muda wote, na tairi moja dogo linaitesa gia kati ya mbele na nyuma.

Tunafunga. Safisha uso wa habu kwa brashi ya waya mpaka kutu yote itoke, hata punje moja inapindisha rimu. Weka pete, weka rimu, nati zote kwa vidole. Zungusha gurudumu uone mikono ya rimu haigusi breki. Shusha jeki kidogo tairi liguse chini, kisha kaza kwa umbo la nyota, usifuate duara, kwa spana inayopima nguvu na kwa kiwango cha kitabu cha gari lako. Sasa kata usukani mpaka mwisho kushoto, halafu kulia, huku mwenzako anasikiliza kwenye fenda.

Mwisho, chora mstari wa rangi nyeupe kutoka kwenye kila nati hadi kwenye rimu, hivi. Endesha kilomita 50 hadi 100, pita kwenye matuta ukiwa na abiria, rudi, acha rimu zipoe, rudia kukaza. Mulika tochi ndani ya fenda utafute plastiki iliyong'arishwa na tairi. Mimi nimerudi sasa hivi kutoka Bunju. Tazama mistari yangu: yote ishirini imenyooka.