Bunduki Iliyo Karibu, Karibu na Nani?

Mazungumzo na wafanyabiashara wa samaki na dagaa, Kirumba, Mwanza

Mwangaluka! Asanteni. Wa nyuma sogeeni mbele, viti bado vipo.

Wazee wangu, kina mama wenzangu, vijana. Mwenyekiti ameniomba nizungumzie silaha za nyumbani, kwa sababu wengi mmekuwa mkinishika mkono pale sokoni kwetu Mwaloni na kuniuliza swali lilelile: "Mama, ukishapata kibali, usiku bastola unaiweka wapi?" Na wengi mnaniuliza huku jibu mnalo. Chini ya mto. Juu ya kabati. Ndani ya gunia la mchele. Nyuma ya ubao wa kitanda. Nayajua majibu hayo kwa sababu kwangu nako tuliishi hivyohivyo.

Mimi si askari. Nauza dagaa na sangara, kama ninyi. Marehemu mume wangu alikuwa na shotigani ya mitutu miwili, ya kibali halali kabisa. Aliisimamisha kati ya kabati na ukuta, upande wa kichwa cha kitanda, imeviringishwa kanga yangu kuukuu, na risasi mbili zikiwa ndani. Nilipomlalamikia alinijibu kwa maneno matano tu: fimbo ya mbali haiui nyoka. Nami nikanyamaza, maana methali ikishatajwa nyumbani, nani ataipinga?

Jioni moja nilikuwa nakunja nguo chumbani. Mtoto wetu wa tatu, wakati ule ana miaka 9, akaja akasimama mlangoni. "Mama, nikuonyeshe kitu?" Nikasema nionyeshe. Akaenda moja kwa moja nyuma ya kabati, akaivuta ile bunduki na kanga yake, akaikalisha mapajani. Akasukuma kwa kidole gumba kile kitasa kidogo cha juu, ikakunjika katikati, na pale ndani nikaona vitako viwili vya shaba vinang'aa. Akasema, tena kwa sauti ya baba yake: "Ukiona hizi mbili, ujue iko tayari." Kisha akaifunga. Mlio ule wa kufunga, kata! Mitutu ilikuwa inatazama mlangoni, na mlangoni alikuwa amesimama mdogo wake wa miaka 4, ananyonya muwa.

Sikupiga kelele. Sijui ni nani alinishika mdomo siku ile. Nilimwambia tu, "Mwanangu, iweke chini polepole kitandani." Akaiweka.

Sasa ile methali. Nimeifikiria miaka mingi. Fimbo ya mbali haiui nyoka, ni kweli. Lakini methali ilitungwa kwa fimbo. Mtoto akiiokota fimbo atampiga nayo mbuzi, mbuzi atalia, basi. Bunduki mkononi mwa mtoto ni ileile bunduki ya baba, haipungui hata kidogo. Kwa hiyo ukisema unaiweka karibu, nami nakuuliza: karibu na nani? Ukiiweka mahali ambapo mkono wako unaifikia gizani bila ufunguo, umeiweka mahali ambapo kila mkono ulio ndani ya nyumba unaifikia mchana, taa ya jua inawaka, wewe uko Mwaloni unapima sangara.

Hesabuni wanaoingia chumbani kwenu. Binti wa kazi anatandika kitanda. Fundi wa dari amepanda juu ya kabati. Shemeji aliyetoka Ukerewe kutibiwa amelala hapo wiki mbili na watoto wake. Nyumba zetu hazina siri ya kabati, ndugu zangu. Na siri hiyo ikivuka uzio, hapo hujamfukuza jambazi, umempigia simu. Kwa jambazi bunduki ina thamani kuliko televisheni yako. Atangoja uondoke. Ikishaibiwa ikaenda kuua mtu Sengerema, namba iliyochongwa kwenye chuma ni yako.

Hili la sheria nitalipita haraka, maana Polisi watawafundisha vizuri kuliko mimi. Tunaongozwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyoondoa ile ya 1991. Kwetu silaha ni kibali. Unapewa baada ya kuchunguzwa, na unaweza kunyang'anywa. Unatakiwa kuitunza mahali salama, na ikipotea unatoa taarifa Polisi. Halafu kuna Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 18B: una haki ya kujilinda wewe, mwenzako na mali yako, lakini kwa nguvu inayostahili tu. Ukizidisha na mtu akafa, umeua bila kukusudia, na kusema "alikuwa mwizi" hakutaondoa hilo. Mtu aliyeruka uzio akaona taa imewaka, akageuka kukimbia, huyo amekwisha kuwa mgongo. Usimpige risasi mgongoni halafu uniambie ulikuwa unajilinda.

Vijana wanaotazama video za Marekani huniambia: mbona wenzetu wanalala nazo kando ya kitanda? Kweli, na kule jambo hili lilifika Mahakama Kuu ya nchi. Jiji la Washington lilikuwa na sheria ya kwamba bunduki nyumbani ikae bila risasi, imefunguliwa vipande au imefungwa kufuli kwenye kifyatulio. Mwaka 2008 mahakama ile ikaifuta, ikasema bunduki ya namna hiyo haimsaidii mtu kujilinda ndani ya nyumba yake. Hoja ina nguvu, siidharau. Ni ileile fimbo ya mbali. Ila mahakama iliamua kuhusu haki ya raia wa kule kwa katiba yao. Haikuamua kuhusu mtoto wako wa miaka 9.

Na kulekule Marekani, miaka 22 kabla ya hukumu hiyo, madaktari wawili walichapisha hesabu ambayo kila mwenye kibali anapaswa kuisikia. Walichukua wilaya moja, King County, kwenye jimbo la Washington lililo pwani ya magharibi, wakafuatilia vifo vya risasi vya miaka 6, kuanzia 1978 hadi 1983. Wakatazama vile vilivyotokea kwenye nyumba ambamo bunduki yenyewe ilikuwa inatunzwa. Kwa kila kifo kimoja cha mtu aliyeuawa na mwenye nyumba akijilinda, walikuta vifo vingine 43 vya namna nyingine: ajali, ugomvi wa ndani, na watu waliojiua. Wapinzani wao wakasema hesabu hiyo imehesabu maiti tu, haikuhesabu wezi waliokimbia baada ya kuonyeshwa bunduki. Wana haki kusema hivyo. Lakini nisikilizeni: katika wale 43, 37 walikuwa wamejiua.

Hapa sitapita haraka. Sisi tunazungumza juu ya majambazi, hatuzungumzi juu ya mtu anayekaa sebuleni saa nane za usiku akihesabu madeni. Mnajua mikopo ya kausha damu, ile ya riba kali, imeingia Mwaloni. Mnajua msimu ukiwa mbaya, injini ikaibiwa ziwani, nyavu zikachukuliwa, mtu anarudi nyumbani hana cha kumwambia mke. Usiku kama ule hupita. Asubuhi huja mtu na wazo, au ndugu na laki mbili. Lakini ikiwa chini ya mto kuna bastola yenye risasi, usiku hauhitaji kupita. Kama unamwona mwenzako amebadilika, hapati usingizi, hataki kula, anasema maneno ya kuaga, mwambie akupe silaha yake ipelekwe kituoni ikahifadhiwe huko. Usimwonee aibu. Muulize wazi kama anafikiria kufa, kisha usimwache peke yake.

Niwakumbushe jambo moja la Afrika Kusini, mlilisikia redioni. Oscar Pistorius, yule mkimbiaji wa miguu ya bandia. Usiku wa kuamkia 14 Februari 2013, kwa maelezo yake, alisikia kishindo upande wa choo, nyumbani kwake Pretoria. Bastola ya milimita 9 ilikuwa chini ya kitanda, karibu na mkono kabisa. Akapiga risasi 4 kupitia mlango wa choo uliofungwa. Ndani alikuwa Reeva Steenkamp, mpenzi wake. Alijitetea kwamba alidhani ni mwizi. Mahakama ya Rufaa mwaka 2015 ikamtia hatiani kwa mauaji, kwa sababu yeyote aliyekuwa nyuma ya mlango ule, mwizi au mpenzi, risasi 4 zingemwua, na yeye alilijua hilo. Mimi naongeza la kwangu: kama angelazimika kusimama, kubonyeza tarakimu nne, kuvuta kilango, pengine katika sekunde zile angenyoosha mkono kitandani akagundua mwenzake hayupo.

Na sisi tunaishi juu ya mawe. Nendeni Igogo, nendeni Mabatini, tazameni nyumba zilivyopandana mlimani. Dirisha langu linatazama bati la jirani, na bati langu liko chini ya kibaraza cha mwingine. Risasi ya milimita 9 inapita mlango wa mbao na bati kama karatasi. Ikikutana na jiwe inadunda, na hakuna anayejua itaelekea wapi. Ukifyatua kuelekea bondeni kwa hofu, risasi inamtafuta mtu aliyelala asiyejua hata jina lako.

Basi mimi nafanyaje? Maana silaha bado ninayo. Baada ya mzee kufariki niliomba kibali changu mwenyewe, cha bastola, kwa sababu nabeba fedha za watu.

Kwanza niliuza kitanda kikubwa, nikatia grili na mlango wa chuma kwenye korido, ule unaotenga vyumba na sebule. Watoto wote nikawahamishia upande wa ndani wa mlango huo. Hilo ndilo jambo kubwa kuliko yote nitakayosema leo, kuliko bastola yenyewe. Nikisikia kishindo usiku, sina sababu ya kutembea gizani na silaha kumtafuta mtoto. Wote wako nami. Aliye upande wa pili wa chuma hana wangu, na chuma kinamchelewesha dakika kadhaa, tena kwa kelele. Dakika zile ndizo ulizokuwa unazitafuta chini ya mto.

Pili, kasha la chuma. Dogo, limefungwa kwa boliti nne kwenye ukuta wa zege, ndani ya chumba changu, urefu wa kifua. Linafunguka kwa tarakimu za kubonyeza. Nimelizoea gizani kama ninavyozoea kitasa cha choo. Risasi ziko kwenye magazini, magazini iko nje ya bastola, chemba ni tupu. Msinunue yale ya betri peke yake yasiyo na ufunguo wa akiba. Betri itakufa siku ya msiba. Na nikiingia nyumbani, kabla sijavua viatu, kabla sijasalimia mgeni, bastola inakwenda kashani. Haiketi juu ya meza hata wakati wa chai.

Mwaka wa kwanza niliitia kashani na pochi yake ya ngozi. Baada ya masika nikaikuta ina madoa ya kutu kama upele. Hewa ya ziwa hii haimwachi chuma. Itoeni kwenye ngozi, ipakeni mafuta, itazameni kila mwezi.

Tatu, mwano, ule ukunga wa kuomba msaada. Wazee mnanielewa. Sungusungu walipoanza huku Usukumani mwanzoni mwa miaka ya themanini, kwa sababu ya wizi wa ng'ombe, silaha yao ya kwanza haikuwa mshale. Ilikuwa ile sauti. Nyumba moja ikipiga, kijiji kizima kinaamka. Mjini tumeacha, kila mtu na uzio wake na bastola yake. Mtaani kwetu tumerudisha: filimbi kila chumba, namba za majirani kumi ukutani, na 112 ya Polisi. Kwa sababu tusidanganyane, jambazi wa Mwanza mara nyingi hakukuti kitandani. Anakukuta getini unashuka kwenye gari na mfuko. Mji huu ulimpoteza Kamanda wa Polisi wa Mkoa, Liberatus Barlow, Oktoba 2012, kwa risasi za majambazi, usiku, nje. Fedha zako zipeleke benki au kwa wakala kabla jua halijazama, usilale nazo.

La mwisho ni la wajane. Mume akifariki, silaha haimo kwenye mirathi kama baiskeli. Kibali kilikuwa cha kwake, kimekufa naye. Usimpe shemeji "akutunzie". Mimi nilikwenda kituoni na mjumbe na kaka yangu, nikaikabidhi ile shotigani, nikapewa hati. Askari alipoifungua, risasi zilikuwa zimeshika kutu mle ndani, ikabidi zisukumwe kwa kijiti.

Yule mtoto sasa ni baba wa watoto wawili, ana mtumbwi wake. Nilipomwambia nakuja kuwasimulia ninyi habari ile, akacheka kidogo, kisha akanyamaza. Akaniambia, "Mama, siku ile niliyokuonyesha haikuwa ya kwanza. Nilikuwa naitoa kila mlipokwenda Mwaloni."

Karibuni maswali.