Gego la miaka sita: namna ya kumchagulia mtoto daktari wa meno

Wazazi wenzangu, shikamooni wakubwa, na wengine habari za asubuhi. Nimeombwa niseme namna ya kumpata daktari mzuri wa meno ya mtoto hapa Mwanza. Nitasema, ila naanza na gego. Mlionisikia mwaka jana nivumilieni, maana bado naletewa watoto walewale.

Mtoto akikaribia miaka sita, nyuma kabisa ya magego yake ya utotoni huota gego jipya. Hakuna jino lililong'oka kulipisha. Hakuna damu, hakuna jino la kurusha juu ya paa, basi nyumbani hakuna anayejua. Yako manne, mawili juu na mawili chini, na yote ni ya kudumu. Yana mifereji inayoshika biskuti na ubuyu, yako mbali mswaki haufiki, na yanaanza kuoza mapema kuliko meno mengine ya ukubwani.

Baba mmoja alivuka kutoka Ukerewe na kijana wake wa miaka tisa, shavu limeumuka, usiku hakulala. Akaniambia, "Daktari, ng'oa tu, la utotoni hilo, litaota jingine." Nikafungua kinywa. Lilikuwa gego la miaka sita, limebaki kuta tu. Nikamwambia hakuna jingine linalokuja hapo. Akanyamaza, kisha akauliza: "Mbona aliyelitazama mwaka jana hakuniambia?" Mwaka jana lilikuwa na kitundu cha kuziba, kazi ya kikao kimoja. Aliyelitazama alimpa dawa ya maumivu, akamwambia asubiri litoke lenyewe.

Swali la baba yule ndilo kipimo ninachowapa leo. Ukimpeleka mtoto kwa daktari yeyote wa meno, mwambie: "Nionyeshe gego la miaka sita la mwanangu, unieleze hali yake." Daktari anayewajua watoto atachukua kioo, atakuhesabia meno, hili la utotoni, hili la kudumu, hili lina mifereji mirefu tuizibe kabla halijatoboka. Akikujibu "yataota mengine" na hajafungua hata kinywa, mshukuru, mshike mwanao mkono, ondokeni.

Najua kuna mama anasema moyoni: ya utotoni si yatang'oka, ya nini kuyagharamia? Mama, magego ya utotoni hukaa mpaka miaka 10, hata 12. Ukiling'oa mtoto ana miaka mitano, majirani zake wanaegemea pengo, la ukubwani likija halina pa kupita, linaota upande. Halafu unaniuliza mbona meno ya mtoto yamepandana! Yapo ya kung'oa, sikatai. Ila muulize daktari kwanza kama linazibika, na akisema haliwezekani akueleze kwa nini.

Mwingine atasema mabingwa wa meno ya watoto hawapatikani. Ni wachache kweli. Lakini kukagua na kuziba hakuhitaji bingwa. Daktari wa kinywa na meno wa hospitali ya mkoa, Sekou Toure, au wa hospitali ya wilaya anatosha, mradi ana subira na watoto. Mtoto mwenye selimundu, ugonjwa wa moyo, au anayehitaji nusu kaputi, huyo ni wa hospitali ya rufaa ya Bugando, na ugonjwa wake utaje kabla hajaguswa. Kwenye kliniki binafsi uliza kama daktari amesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Mwenye usajili hatakasirika. Tazama kama vifaa vinatolewa kwenye pakiti iliyofungwa. Tazama kama anauliza uzito wa mtoto kabla ya ganzi, kwa sababu ganzi ya mtoto hupimwa kwa kilo.

Na tafadhali, acheni ile ya "ukileta ujinga nakupeleka kwa daktari akuchome sindano." Mnamtisha miaka mitano, kisha mnataka mimi nimtulize kwa dakika tano. Mleteni kabla halijauma, tangu anapofikisha mwaka mmoja, aketi mapajani mwako, nihesabu meno, mwende zenu.

Naonyeshwa saa. Dawa ya mswaki iwe na floraidi: chini ya miaka mitatu kiasi cha punje ya mchele, baada ya hapo kiasi cha punje ya njegere, na umpigishe wewe mswaki mpaka afike miaka saba au minane. Mambo ya soda nayaacha.

Ila hili siliachi: meno ya plastiki, yale yanayosingiziwa kumharisha na kumchemsha mtoto, hayapo. Ule uvimbe mweupe kwenye ufizi wa mtoto mchanga ni jino la chonge linalojijenga, na anayelichokoa kwa wembe au msumari anaharibu pia la ukubwani lililo chini yake, na mtoto anaweza kufa kwa damu au pepopunda. Mtoto anayeharisha na kuchemka apelekwe zahanati leo hii, na njiani apewe maji ya ORS. Mama wa kitenge cha bluu, umenyoosha mkono muda mrefu, uliza.