Mzee Anayesahau, Mtazameni Miguu

Ndugu wasikilizaji, ahsanteni kwa kufika. Ikitajwa dimenshia, yaani maradhi ya ubongo yanayodhoofisha kumbukumbu na fikra, sote tunawaza kusahau: mzee kauliza jambo lile lile mara tatu, jina la mjukuu limempotea. Leo naomba tuzungumzie miguu yake.

Kutembea ni kazi ya ubongo. Misuli hubeba mwili, lakini urefu wa hatua, kugeuka, kukwepa kiti kilichokaa njiani, yote hayo huratibiwa kichwani, na sehemu ya mbele ya ubongo inayotusaidia kupanga mambo na kugawa umakini ina mkono mkubwa humo. Ndiyo maana mwendo huweza kubadilika mapema, hata kwa mwenye upungufu mdogo wa utambuzi, yaani yule anayesahau kuliko wa rika lake lakini bado anajimudu. Hupunguza kasi na hatua zake hazilingani, hasa akitembea huku anafikiri jambo jingine.

Mwaka 1997, watafiti wa Umeå nchini Sweden walichapisha jaribio ambalo hadi leo nalipenda kwa urahisi wake. Walitembea na wazee 58 waliokuwa wakiishi katika makazi ya kutunziwa, wakawaanzishia mazungumzo njiani. Wazee 12 walisimama kwanza ndipo wakajibu. Ndani ya miezi 6 iliyofuata, 10 kati ya hao 12 walianguka. Ubongo wao haukuweza tena kubeba maneno na hatua kwa wakati mmoja.

Basi nawasihi mnaouguza: mzee akiwa njiani kuelekea chooni, msimuulize kama amekunywa dawa. Mwacheni afike, akae, ndipo mwulize. Mpeni agizo moja moja. Msisimame mbele yake mkamvuta mikono, maana mwili wake utavutana nanyi na kurudi nyuma, kaeni ubavuni.

Maradhi yenyewe hayafanani. Kwenye Alzheimer, mojawapo ya aina za dimenshia, mwendo huharibika sana baadaye. Mishipa midogo ya damu ya ubongo ikiharibika, hatua huwa fupi, za kukokota, na mapema zaidi. Kuna dimenshia ya Lewy, ambapo mtu hukakamaa, hupungua kasi na mara nyingi huona watu ambao hawapo. Hapa naomba mnisikilize vizuri: wagonjwa hawa wanaweza kudhurika vibaya kwa dawa za kutuliza kama haloperidol, wakakakamaa kabisa, na wengine hufa. Mkiona maruweruwe pamoja na ukakamavu, mwambieni daktari yote mawili kabla hajaandika dawa.

Na kuna hali moja inayoniuma kila ikipitwa bila kutambuliwa. Madaktari Hakim na Adams waliieleza mwaka 1965: maji hujaa katika vyumba vya ubongo, mtu akatembea kana kwamba nyayo zimeshikwa na sumaku sakafuni, mkojo ukamshinda, akili ikapungua. Watu husema ni uzee tu. Kumbe baadhi yao wakiwekewa mrija wa kupunguza maji hayo hutembea vizuri tena, na mwendo ndio hupata nafuu kuliko dalili nyingine. Anayechelewa kutambuliwa anaweza kupoteza sehemu ya nafuu hiyo.

Mazoezi ya nguvu na ya usawa wa mwili yanasaidia, hasa yakianza mapema. Dawa za usingizi zipitiwe upya na daktari, kwani huongeza kuanguka, na nyonga iliyovunjika humweka mzee kitandani.

Mkienda kliniki, mwombeni daktari amtazame akiinuka kitini, atembee mita 3, ageuke, arudi, akae. Haichukui muda. Lakini mjue kwamba mbele ya daktari mzee hujikaza na kuweka akili yote kwenye miguu, akatembea vizuri kuliko nyumbani. Kwa hiyo, kwa ridhaa yake, mrekodini kwa simu siku ya kawaida akitembea huku anaongea, mkamwonyeshe daktari video hiyo.